Baba alijenga nyumba za watu, yake haina plasta. Nimwandikeje?

Shikamoo Mama,

Mimi ni binti wa miaka 34, mwalimu wa shule ya msingi, mzaliwa wa Morogoro. Baba yetu alifariki mwezi uliopita baada ya kusumbuliwa na kifua kwa muda mrefu. Tulimzika kwao Mgeta, na sasa tunaelekea kwenye misa ya arobaini. Ndugu wamenipa kazi ya kuandika wasifu wake upya, usomwe siku hiyo, kwa sababu ule uliosomwa makaburini haukumridhisha mtu.

Aliyeuandika ni binamu yetu, usiku wa kuamkia mazishi, akiwa amechoka, wala simlaumu. Marehemu alizaliwa, akabatizwa, akamaliza darasa la saba, akaoa, akajaliwa watoto wanne, akaanza kuugua. Kuanzia hapo nusu yote iliyobaki ilikuwa ugonjwa: alipimwa lini, alilazwa wapi, alihamishwa lini. Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Nyuma yangu walikuwa wamesimama mafundi waliopanda kutoka mjini na gari la kukodi. Nikamsikia mmoja anamuuliza mwenzake kwa sauti ya chini, "Hivi tumekuja kwenye msiba wa nani?" Hakuwa na ubaya. Lakini neno lile limenikaa.

Baba alikuwa fundi. Alianza akiwa kijana mdogo kama saidia fundi, kazi yake kubeba karai la zege. Akawa mwashi, kisha akajulikana zaidi kwa kusuka nondo. Chuo Kikuu cha Dodoma kilipokuwa kinajengwa alikuwa huko, tukawa tunamwona mwisho wa mwezi tu. Baadaye akapata ajira kwenye reli ya SGR, kipande cha Dar es Salaam kuja Morogoro. Katikati ya kazi hizo alikuwa akijenga nyumba za watu Kihonda, Bigwa, Mazimbu, na kwingine ambako hata sikujui. Treni ilipoanza kubeba abiria Juni 2024, alikata tiketi, akanichukua mimi na mwanangu, tukaenda Dar, tukala chipsi, tukarudi siku hiyohiyo. Hatukuwa na shughuli yoyote Dar. Tulipokuwa maeneo ya Ngerengere akamgusa mtoto begani, akamwambia, "Hapa chini kuna kalavati. Nondo za humo nimezisuka mimi." Mtoto akachungulia dirishani, akaona majani.

Upande wake wa pili ni mlima, Uluguru. Siku ambayo hana kazi, nyumbani humkuti. Anavaa gambuti, anachukua panga, chupa ya chai na mihogo ya kuchemsha, anapanda Morningside, na nguvu zikiwepo anaendelea mpaka kilele cha Bondwa kwenye minara. Asipokuwa mlimani yuko bwawa la Mindu na ndoana zake, anatafuta perege. Sisi watoto alikuwa akitupeleka kwa zamu, mmoja mmoja, ukishatimiza miaka saba. Siku ya zamu yako unakuwa na baba kutwa nzima na hakuna wa kukunyang'anya.

Sasa matatizo yangu. Kaka yetu mkubwa, anayefanya kazi ofisini Dar, anataka niandike kwamba baba alikuwa "mkandarasi". Habari za mlima na kuvua samaki ameniambia niziache, watu wasije wakadhani mzee alikuwa mtu wa kuzurura. Tena amefungua grupu la WhatsApp la michango ya kaburi la marumaru na sare ya kitambaa.

Mama yetu naye hataki kusikia habari za mlima, kwa sababu nyingine. Mdogo wetu wa mwisho alipokuwa mchanga alishikwa na homa. Baba alikuwa amepanda asubuhi, ukungu ukamfungia huko juu, akarudi kesho yake. Simu za mkononi hatukuwa nazo. Mama alikesha na mtoto peke yake. Sijawahi kumsikia akilitamka mbele ya baba, ila sisi wasichana tunajua lipo.

Halafu kuna nyumba. Ni ya tofali za kuchoma, haina hata ufa, lakini nje haijapigwa plasta mpaka leo. Kila mwaka baba alikuwa akisema mwakani, kisha ada za shule zinaingia. Msibani shangazi alisema watu wakisikia, "Kajenga mji mzima, ya kwake kaiacha uchi." Niliona kaka alivyobadilika uso. Nahisi hayo marumaru yametokea hapo.

La mwisho ni vifaa vyake: pimamaji, timazi, miiko miwili, koleo la kukazia waya. Mpwa wake, mtoto wa dada yake, ndiye aliyekuwa saidia fundi wake miaka ya mwisho, na ameviomba. Kaka anasema viuzwe, hela iingie kwenye kaburi.

Nisaidie, Mama. Niandike nini, niache nini?

Binti wa Fundi, Morogoro

---

Marahaba mwanangu, na pole kwa msiba.

Nianze na yule fundi aliyeuliza mmekuja kwenye msiba wa nani. Huyo mtafute kabla ya mtu mwingine yeyote. Ndiye aliyesikia kwamba mtu aliyesomwa siye aliyemjua, kwa hiyo ana mtu wake kichwani, na huyo ndiye unayemtaka kwenye karatasi.

Kwa kazi aliyokuwa akifanya baba yako, wasifu wake huwezi kuuandika ukiwa umekaa mezani. Fundi rangi kila mtu anaiona kazi yake. Aliyeweka vigae anasifiwa na kila mgeni anayeingia. Msuka nondo akimaliza, zege linamwagwa juu yake, na kuanzia saa hiyo kazi yake haionekani tena mpaka siku jengo litakapobomolewa. Msingi nao unafukiwa. Jiwe la ufunguzi linaandikwa jina la mgeni rasmi, na sijaona jiwe lililoandikwa jina la aliyepinda ringi za nondo. Mwanao alichungulia dirishani akaona majani kwa sababu hakuna kingine cha kuonekana. Waliomwona baba yako kazini ni wale tu waliokuwepo kabla ya zege, nao wapo hapo mjini, na wengine wanazeeka.

Kwa hiyo nenda kwao. Nenda saa nne, wakati wa chai, uwakute pale wanapojenga sasa, usiwaite nyumbani wakaja wamevaa shati la heshima. Ukimwita fundi sebuleni ukamuuliza baba alikuwa mtu wa namna gani, atakujibu alikuwa mtu wa watu, mchapakazi, mpole, hana makuu. Hayo ni maneno ya kila marehemu Tanzania hii, mpaka yule aliyekuwa akiwapiga majirani. Waulize vitu vinavyojibika. Alikuwa anafika saa ngapi? Alikasirishwa na nini? Ni kazi gani aliwahi kuikataa, na kwa nini? Mwenye nyumba akitaka kupunguza saruji kwenye zege la nguzo, alikuwa anamwambiaje? Uliwahi kumwona akiamuru kitu kivunjwe na kurudiwa? Mafundi wana kumbukumbu ndefu sana kwa vitu vilivyovunjwa vikarudiwa.

Halafu mtafute mama lishe. Kila saiti ina mama lishe wake, na huyo anamjua fundi kuliko msimamizi anavyomjua. Anajua nani alikula kwa mkopo akalipa, nani alikula akahama mkoa, nani alikuwa akimlipia saidia fundi wake sahani ya wali siku malipo yamechelewa. Sijui atakuambia nini kuhusu baba yako, labda atakuambia alikuwa akidai nyama iongezwe. Andika hilo pia.

Mpwa wake muulize alivyofundishwa. Nina hakika siku moja aliambiwa ashike futi apige pembe ya nyumba kwa 3, 4, 5: mita 3 ukutani upande huu, mita 4 upande ule, na mshazari ukisoma mita 5 kamili, pembe yako iko sawa, unaweza kuchimba msingi. Muulize ilikuwa kiwanja cha nani, alikosea wapi, mjomba wake alisemaje. Ukipata habari kama hiyo moja, ukaisoma siku ya arobaini, mafundi wote waliokaa nyuma watanyanyua vichwa. Ukurasa mzima wa tarehe hautawanyanyua.

Mlimani nako usiache. Njia ya Morningside ina watu wake: kina mama wanaoshuka na vikapu vya mboga na matunda kuwahi soko, vijana wa vijiji vya juu, walinzi wa hifadhi. Mtu aliyepita njia ile miaka yote hiyo na gambuti na panga lazima ana wa kumsalimia. Mindu vilevile, wavuvi wanajuana kwa mawe wanayokalia. Wewe unamjua baba wa siku ya zamu, wao wanamjua baba wa siku zilizobaki.

Sasa kaka yako. Neno "mkandarasi" kwa nchi yetu lina sheria yake. Mkandarasi ni mtu au kampuni iliyosajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, yenye daraja lake na cheti chake. Ukilisoma mbele ya mafundi waliofanya kazi na baba yako watatazamana, na yule aliyenong'ona makaburini safari hii atauliza kwa sauti. Andika fundi. Mwambie kaka yako kwa upole kwamba ada iliyompeleka mpaka kwenye hiyo ofisi ya Dar ilitoka kwenye ufundi, si kwenye ukandarasi.

Kuhusu hofu yake kwamba mlima utamfanya mzee aonekane mzururaji, mimi naona kinyume. Mtu aliyebeba karai na kupinda nondo wiki nzima, akapata siku moja, akaitumia kupanda mlima unaopita mita 2,100 na mihogo mfukoni, huyo si mvivu kwa hesabu yoyote. Na siku nyingine anampeleka mtoto. Wapo akina baba wengi wa umri wake ambao watoto wao hawawezi kutaja siku hata moja waliyokaa nao wawili tu. Ninyi wanne kila mmoja anayo. Kaka yako naye anayo ya kwake, kwa hiyo mpigie simu umuulize ilikuwaje zamu yake ya kwanza. Usimwambie ni kwa ajili ya wasifu. Muulize tu, kisha nyamaza umsikilize. Na akianza tena kuona haya na habari za mlima, mkumbushe kwamba mto Ruvu unaowapa maji watu wa Dar es Salaam unakusanya maji yake Uluguru. Kila akifungua bomba anakunywa mlima wa baba yake.

Kwa mama yako nenda taratibu zaidi, kwa sababu hapo ndipo pagumu kweli. Wengi watakuambia marehemu hasemwi vibaya, funika. Mimi sikubaliani nao moja kwa moja, wala sikutumi ukamwage mambo ya ndoa ya wazazi wako hadharani. Usiku ule ni wa mama yako. Yeye ndiye aliyekesha, yeye ndiye mwenye haki ya kusema usemwe au usisemwe.

Usimwendee na daftari. Mkae wawili, mkichambua mchele au mkikunja nguo za marehemu, umuulize kuhusu kitu kingine cha baba, cha mwanzo kabisa: walionana wapi, alikuwa na kazi gani wakati huo. Acha yeye mwenyewe afike kwenye mlima. Inawezekana ana hasira. Inawezekana pia ana kitu ambacho ninyi watoto hamkijui, kwa mfano alichosema baba yenu aliporudi asubuhi ile na nguo mbichi, au alichokifanya wiki iliyofuata. Ninyi mnajua usiku, yeye anajua na kesho yake. Asipofika huko siku hiyo, usimsukume. Akifika, mwishoni muulize waziwazi: "Mama, niliseme hili au niliache?" Akisema liache, unaliacha, na wasifu hautapungua kitu. Akisema lisome, lisome kwa sentensi mbili, usilipambe.

Na unapoandika usimfanye baba yako kuwa mtu ambaye hakuwahi kumkosea mke wake. Mama yako atakuwa amekaa mstari wa mbele amevaa nyeusi akisikiliza kila neno. Ukisoma kwamba marehemu alikuwa mume asiyewahi kumpa mkewe usiku mbaya, yeye peke yake ndiye atakayejua kwamba unasoma uongo, na atalazimika kuitikia amina.

Nyumba isiyo na plasta iandike. Iandike wewe mwenyewe kabla shangazi hajaisema tena, maana kilichosomwa na mtoto mbele ya kadamnasi hakiwi umbeya tena. Kinyozi hajinyoi, na shangazi yako analijua hilo tangu utoto. Zaidi ya hapo, sababu umenitajia mwenyewe bila kuiona: kila mwaka ada zilitangulia. Tena unasema ukuta hauna hata ufa. Plasta ni vazi, fundi yeyote atakuambia. Plasta inaweza kuficha ukuta mbovu, na nyumba ya baba yenu haikuwa na cha kuficha.

Umeniuliza niandike nini, nikakujaza maagizo. Hebu nijaribu mwenyewe, kwa yale tu uliyonitumia, na tuseme mama yako ameruhusu, uone kwamba mali unayo tayari:

"Baba yetu alikuwa fundi. Alianza kwa kubeba karai, akamaliza kwa kusuka nondo za reli. Zege aliloliwekea nondo liko Dodoma, wanafunzi wanasoma juu yake. Liko Ngerengere, treni inapita juu yake, na tulipopita naye alituonyesha mahali penyewe ingawa hapakuwa na kitu cha kuona. Siku za mapumziko alikuwa mtu wa mlima. Kila mmoja wetu alipotimiza miaka saba alipata zamu yake, yeye na baba tu, na chupa ya chai. Usiku mmoja ukungu ulimzuia huko juu, mama akakesha peke yake na mtoto mwenye homa. Mama hajausahau usiku ule, na ameturuhusu tuuseme. Nyumba yetu hakuipiga plasta. Kila mwaka alisema mwakani, na kila mwaka ilikuwa zamu ya ada ya mmoja wetu."

Hapo sijaongeza hata sifa moja. Sijasema mchapakazi, sijasema baba bora. Wewe utakuwa na mengi kuliko haya ukishatoka saiti na Mindu. Ugonjwa upe sentensi moja: aliugua kifua, akatibiwa, akafariki tarehe fulani akiwa na watu fulani pembeni yake. Alikaa na ugonjwa mwishoni tu. Tarehe za kuzaliwa, ubatizo na ndoa ziweke, wazee wanazitaka na padri pia, lakini zikae mahali pamoja, zisikatize habari. Usizidi dakika saba. Baada ya misa watu wana njaa, na wali ukisikia harufu yake hakuna wasifu utakaoshindana nao. Kama sauti yako itakatika, mpe mdogo wako asome, au huyo mpwa. Usimpe MC.

Marumaru sasa. Hapa nitakuwa mkali kidogo. Kaburi jipya halijengewi haraka, na baba yenu angekuwa wa kwanza kuwaambia. Udongo uliofukiwa juzi bado unatitia. Mkiuwekea zege na marumaru leo, mvua za masika zikipita utakuta kumepasuka au kumeinamia upande mmoja, na itakuwa aibu ya kweli: kaburi la fundi lililojengwa vibaya. Wekeni msalaba wenye jina na tarehe, mpande maua, msubiri udongo ukae. Huko mbele mkitaka kujengea, jengeeni kwa kiasi.

Hela iliyokwisha kuchangwa, mimi ningenunua saruji na mchanga na kuipiga plasta nyumba ya mama yenu. Waliochanga waambiwe kwanza, kwenye grupu hilohilo, maana mchango wa kaburi haugeuzwi kimyakimya. Nadhani wengi watakubali, na mafundi waliokodi gari mpaka Mgeta hawatadai ujira mkubwa, baadhi watakataa kabisa kulipwa. Fanyeni msaragambo wa siku mbili, mpike, mmalize. Ila mwulizeni mama kabla. Asije akaamka asubuhi akakuta vijana wanachapa ukuta wake kumbe yeye ule ukuta mwekundu ameuzoea na hataki uguswe. Sare ya kitambaa mkitaka shoneni, sina ugomvi nayo.

Vifaa mpeni mpwa. Ninyi ni Waluguru, sina haja ya kuwafundisha kwamba kwenu ukoo unafuata upande wa mama na mtoto wa dada si mtu wa pembeni. Lakini hata kama mngekuwa kabila lingine ningesema hivyohivyo. Yeye ndiye atakayevitumia kesho asubuhi. Mkiviuza, pimamaji lililotumika litawapa hela ya kununua nini, nusu mfuko wa saruji? Wewe ukitaka kitu cha kubaki nacho, chukua mwiko mmoja kati ya ile miwili, au panga la mlimani. Mkabidhini mbele ya watu siku ya kugawa vitu, kaka yako ndiye amkabidhi kwa mkono wake, asije akaonekana ameshindwa.

Wajukuu msiwapandishe mlima sasa hivi. Mvua ikiwa nyingi njia inateleza, na ukungu wa kule mnaujua kuliko mimi. Subirini Juni au Julai. Juu ya mashamba ni Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru tangu 2008, inasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, kwa hiyo pitieni ofisi yao Morogoro mchukue kibali na mtu wa kuwaongoza. Baba yenu huenda alipita kwa kujuana na walinzi, ninyi hamjulikani. Muanze alfajiri, na mkiona wingu limeshuka mgeuze.

Jambo moja hukuniuliza nami sitaliacha. Baba yako aliajiriwa kwenye mradi mkubwa, kwa hiyo yawezekana alikuwa akikatwa michango ya NSSF. Tafuteni kadi yake au namba ya uanachama kwenye makaratasi yake, mkaulize kuhusu mafao ya warithi. Na kama kuna daktari aliyewahi kuandika kwamba kifua kile kilitokana na vumbi la kazini, ulizeni pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, maana unashughulikia hata magonjwa yanayotokana na kazi, si ajali peke yake. Kabla ya yote hayo ukoo ukae, uandike muhtasari wa kikao, umpendekeze msimamizi wa mirathi, kisha mwende mahakamani akathibitishwe. Ningependa awe mama yenu au wewe. Msisubiri mpaka kila mtu arudi kwake, kwa sababu mkishatawanyika kukutana tena ni kazi. Cheti cha kifo toeni nakala nyingi na mzithibitishe mapema, kila ofisi mtakayokwenda itataka ya kwake.

Mama